Jinsi nilivyopata ukinzani na nguvu sahihi za balbu ya volti 12

Balbu yangu ya volti 12, iliyoandikwa wati 21, nilipoipima kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) ikiwa imezimwa ilionyesha ukinzani wa takriban omu 0.5, na kwa ukinzani huo hesabu (volti mara volti, gawanya kwa omu) ikatoa wati 288, jambo lisilowezekana. Kubadilisha betri ya multimita hakukusaidia. Kilichofaa ni kuiwasha balbu, nikaunga ameta (kipima mkondo) kwa mfuatano na voltimita sambamba kwenye vituo vya balbu yenyewe, kisha nikasubiri mkondo utulie: volti 12, ampea 1.75. Volti gawanya kwa ampea ni omu 6.9 hivi; volti mara ampea ni wati 21. Uzi wa tungsteni ulio ndani ya balbu huongeza ukinzani mara nyingi unapopata moto, hivyo balbu lazima ipimwe ikiwa inawaka.