Tarakimu ya kwanza: kwenye vocha, kwenye kura na kwenye mashairi

Chukua leja ya biashara yoyote iliyochangamka, duka la jumla Kariakoo au kampuni ya malori, halafu angalia kila kiasi kilichoandikwa humo kinaanza na namba gani. Usihangaike na jumla, angalia ile tarakimu ya mwanzo tu: 1,250,000 inaanza na 1, 38,400 inaanza na 3, basi. Watu wengi nikiwauliza wananiambia zitagawana sawa, tarakimu ziko tisa kwa hiyo kila moja itapata kama asilimia 11. Haiko hivyo kabisa. Moja peke yake inachukua karibu asilimia 30, mbili 17.6, tatu 12.5, inashuka hivyo hivyo mpaka tisa ambayo inaambulia asilimia 4.6.

Hii kitu inaitwa kanuni ya Benford. Frank Benford alikuwa mwanafizikia wa kampuni ya General Electric, mwaka 1938 alikusanya namba 20,229 kutoka sehemu za kila aina, ukubwa wa mito, idadi ya watu, namba zilizotajwa magazetini, na zote kwa pamoja zikaangukia mulemule. Ila aliyetangulia kuiona ni mtaalamu wa nyota Simon Newcomb, mwaka 1881, na aliiona kwenye uchafu wa vitabu: kurasa za mwanzo za vitabu vya logi (majedwali ya kurahisisha kuzidisha na kugawa) zilikuwa zimechakaa kuliko za mwisho, maana yake watu walikuwa wanatafuta sana namba zinazoanza na moja.

Kwa nini iwe hivyo? Mimi naielezaga kwa akiba, kwa sababu kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu na hela ndo lugha tunayoelewana wote. Weka 100,000 sehemu inayokua asilimia 10 kwa mwaka. Ili ifike 200,000 unasubiri miaka 7 na ushee, na muda wote huo ukiangalia salio linaanza na 1. Kutoka 500,000 kwenda 600,000 ni miaka miwili haijatimia. Kutoka 900,000 kwenda milioni ni mwaka mmoja na kidogo, halafu umerudi kwenye 1 na unaanza kusubiri upya. Kutoka laki moja mpaka milioni ni miaka 24 hivi, sasa gawa ile 7 na ushee kwa hiyo 24 uone kama hupati asilimia 30. Vitu vinavyokua kwa kuzidishwa vinakaa muda mrefu kwenye moja na vinapita mbio kwenye tisa, mauzo, mishahara ya kampuni kubwa, idadi ya watu mijini, ni hivyo hivyo.

Sasa mtu anayetunga namba kichwani halijui hilo. Akikaa kuandika vocha (karatasi za malipo) za uongo anazitawanya zionekane za kawaida, anakwepa namba za mviringo, anakwepa kurudia kiasi, anapenda tano, sita, saba, na akijua kuna kiwango ambacho kikipitwa lazima bosi asaini basi anajibana chini yake kidogo tu. Kule Arizona, Marekani, meneja mmoja wa ofisi ya hazina ya jimbo alishtakiwa kwa hundi 23 za mwaka 1992, jumla karibu dola milioni 1.9, kwenda kwa muuzaji hewa. Hakuna kiasi kilichojirudia, hakuna namba ya mviringo. Ila zaidi ya asilimia 90 ya zile hundi zilianza na 7, 8 au 9, na nyingi zilikuwa zinakaribia dola laki moja bila kuifikia. Alidhani ameficha kumbe ameacha alama.

Hadithi kama hiyo ndo inayofanya vijana wa ukaguzi waipende hii kanuni kupita kiasi, na hapa ndo nataka kukaa kidogo kwa sababu nimeona inavyoumiza watu.

Kuna taasisi moja tulienda, siitaji jina, petikeshi yao, yaani hela ya matumizi madogo madogo, ilikuwa na ukomo wa 50,000 kwa vocha moja, ikizidi hapo lazima ombi liende makao makuu. Kijana wetu akamwaga vocha zote kwenye eksel, akachora grafu, ile nguzo ya 4 imesimama juu kuliko zote. Moja iko chini. Ukizifungua unaona 48,000, 47,500, 42,000, 42,500, 49,000, kurasa kwa kurasa, nyingine zina tarehe ileile na kituo kilekile cha mafuta. Nakiri ni picha inayotisha, mtu yeyote wa hesabu akiiona moyo unamdunda. Meneja alivyoonyeshwa hakusubiri, siku hiyohiyo karani wa fedha akaambiwa akabidhi funguo za sefu akae nyumbani.

Niliomba nikae naye kabla hajaondoka. Nikamwambia, dada, nieleze tu hii dizeli inakwendaje. Akanijibu bila hata kukasirika, "Kaka, jenereta ikiisha mafuta chumba cha dawa kinapata joto. Pipa ni laki na themanini. Ombi likienda makao makuu linakaa wiki mbili. Sasa mimi nifanyeje?" Akafungua droo akatoa risiti za EFD (mashine ya kodi) za kituo cha mafuta, akazipanga mezani nne nne, kila kundi ukijumlisha inakuja laki na themanini kamili, halafu akatoa daftari la jenereta lenye saa za kuwaka na lita zilizowekwa, limesainiwa na mlinzi na fundi. Lita zikakubaliana na risiti. Hela haikuibiwa hata shilingi. Kilichofanyika ni manunuzi kugawanywa vipande ili yapite chini ya ukomo, na hilo ni kosa la utaratibu, tuliandika hivyo kwenye ripoti bila kuficha, ila tukaandika pia kwamba ukomo wenyewe haulingani na bei ya pipa la dizeli na kwamba wiki mbili kwa mafuta ya jenereta inayolinda dawa ni hatari. Alirudishwa kazini. Lakini zile siku alizokaa nyumbani majirani walishajua, na hakuna ripoti inayofuta hiyo.

Grafu ilifanya kazi yake vizuri, hilo nalisisitiza. Ilituambia kwenye vocha zinazoanza na nne kuna jambo, na kweli jambo lilikuwepo. Ila haikusema ni jambo gani, na haiwezi kusema. Hiyo sehemu ya pili inataka droo, daftari, lita, na mtu wa kumuuliza.

Kwenye serikali ni hivyo hivyo ila uzito wake ni mkubwa zaidi. Watu wanaitajaga sana Ugiriki. Mwaka 2011 wachumi wanne walichapisha utafiti uliopima takwimu ambazo nchi za Umoja wa Ulaya zilipeleka Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja huo, kati ya 1999 na 2009, na kati ya nchi zinazotumia yuro ambayo takwimu zake zilikuwa mbali zaidi na Benford ni Ugiriki. Inasisimua kwa kweli. Lakini angalia mtiririko: Oktoba 2009 serikali mpya ya Ugiriki ilishatangaza wenyewe kwamba nakisi ya bajeti ya mwaka ule, iliyokuwa imesemwa ni asilimia 3.7 ya pato la taifa, ni zaidi ya asilimia 12, na baada ya marekebisho ikaishia zaidi ya 15. Kwa hiyo aibu ilishatoka, utafiti ukaja nyuma yake. Kilichofichua ni watu kufungua vitabu, madeni ya hospitali, hesabu za mashirika ya umma, kipengele kwa kipengele. Benford ingeweza kuwaambia waanze na nani, na hiyo ni faida kubwa ukiwa na nchi zaidi ya 20 na wakaguzi wachache.

Halafu kuna kura. Novemba 2020 baada ya uchaguzi wa Marekani mitandao ilijaa grafu za Chicago na Milwaukee, kwamba kura za Biden hazifuati Benford kwa hiyo zimepikwa. Walter Mebane wa Chuo Kikuu cha Michigan, ambaye miaka mingi kazi yake ni kupima uchaguzi kwa namba, akaandika wazi kwamba tarakimu ya kwanza ya kura za vituo haipimi wizi. Na sababu yenyewe haihitaji digrii. Vituo vya Chicago vinafanana ukubwa, mia kadhaa ya wapiga kura kila kimoja, na mgombea anayeshinda karibu kila mahali atapata 300, 400, 500, moja itatoka wapi? Kanuni inataka namba zinazotanda kutoka makumi mpaka mamilioni. Zikibanwa sehemu moja inakufa, kama ambavyo ukipima urefu wa watu wazima kwa sentimita karibu wote wataanza na 1 na hakuna aliyeiba chochote.

Kenya ndo mfano ninaoupenda hapa kwa sababu ukomo upo rasmi, kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700. Mwaka 2022 vituo vilikuwa zaidi ya elfu 46 na picha za fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, zikawekwa hadharani, mwananchi yeyote mwenye bando aliweza kuzifungua na kujumlisha. Mtu akikuletea grafu ya Benford ya vituo vile muulize kwanza kama anaujua huo ukomo. Unachoweza kufanya na fomu zile ni cha kawaida na kina nguvu zaidi, unalinganisha fomu iliyobandikwa kituoni na iliyotumwa, unajumlisha, unaangalia sahihi na muhuri. Na Mahakama ya Juu ya Kenya ilipofuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, majaji wanne kwa wawili, hoja haikuwa tarakimu zinachekesha. Ilikuwa ni jinsi matokeo yalivyosafirishwa, fomu zisizo na alama za usalama, na tume kutotii amri ya kufungua seva zake. Mahakama ilienda kwenye droo na daftari, yaani.

Nilianza kufikiria fasihi baada ya kusoma habari ya zile makala 85 za Marekani, zinaitwa Federalist, za 1787 na 1788, zilizoandikwa kuwashawishi watu wa New York waikubali katiba mpya. Waandishi walikuwa watatu, Hamilton, Madison na Jay, ila wote walijificha nyuma ya jina moja, Publius. Hamilton akauawa kwa risasi kwenye pambano la watu wawili 1804, na orodha zilizobaki zikagongana, makala 12 kila upande ukawa unasema za kwetu. Mabishano yakaenda zaidi ya miaka 100. Mwaka 1964 wanatakwimu Mosteller na Wallace wakaacha kuhangaika na hoja za kisiasa wakahesabu vineno vidogo ambavyo mwandishi havifikirii. Neno "upon" Hamilton analitumia kama mara tatu kila maneno elfu moja, Madison karibu halitumii. Matokeo yakaelemea kwa Madison kwa zote 12. Utaona ni mantiki ileile ya vocha, mtu anachunga mambo makubwa, alama anaacha kwenye madogo.

Basi mimi nikasema si tufanye kwenye Kiswahili! Tuna mashairi ya zamani yenye ubishi wa nani kayatunga, yapo yanayosemwa ni ya Fumo Liyongo, yapo yanayohesabiwa kuwa ya Muyaka bin Haji wa Mombasa. Nikaanza kuhesabu na nikagongana na ukuta haraka. Kiswahili kinameza vineno ndani ya kitenzi, "nilipokuwa" ni neno moja ila Mwingereza angehitaji matatu ya kuhesabika, kwa hiyo lazima ukate viambishi kwanza na kila mtu anakata kwa namna yake. La pili ni mizani. Mshororo wa mizani 16, nane kwa nane, unamlazimisha mshairi achague neno fupi au refu kwa ajili ya hesabu ya silabi, mazoea yake yanabanwa mulemule zinapobanwa kura kwenye kituo cha watu 700. Na la tatu ndo linaniuma zaidi. Muyaka alifariki karibu 1840, mashairi yake mengi yaliandikwa na Mwalimu Sikujua kwa ajili ya mmishonari wa Kizungu, Taylor, mwishoni mwa karne ile, kutoka kwa wazee waliokuwa wanayakumbuka. Vineno vidogo tunavyotaka kuvihesabu ndivyo kumbukumbu inavyovibadilisha kwanza. Ukikuta "na" badala ya "wa" hujui umempata Muyaka, mzee aliyesimulia, au aliyeshika kalamu. Na tofauti na yule dada wa petikeshi, hapa hakuna wa kumuuliza dizeli ilikwendaje.

Kwa hiyo kabla ya programu yoyote ya kuhesabu tunahitaji nakala nyingi za shairi moja. Zipo. Ziko Lamu, Pate, Mombasa, Tanga, Unguja, kwenye masanduku ya familia, madaftari ya herufi za Kiarabu ambayo bibi hataki yaguswe. Kama kwenu lipo, muombe ruhusa kwa heshima, piga picha kila ukurasa pamoja na jalada na vile viandiko vya pembeni, andika liliandikwa na nani na kwa nani kama wazee wanakumbuka. Na ukianza kulichapa kwenye kompyuta usilisahihishe. Imeandikwa "nti" usiweke "nchi", imeandikwa "ndoo" usiweke "njoo", beti imepungua mizani iache ipungue hivyohivyo.