Pesa ikusanywe watu wakiwa wazima

Nataka kila nchi iwe na huduma ya afya kwa wote, na msimamo huu niliupata kazini. Kwa miaka mingi nilikaa kwenye dirisha la malipo la hospitali, nikipokea pesa na kukata risiti. Pale niliona jambo ambalo wabunge hulipita haraka: hakuna saa mbaya ya kumdai mtu pesa kama saa anayoumwa.

Mgonjwa hana nafasi ya kupatana bei. Hajui kama kipimo alichoandikiwa ni cha lazima, wala hawezi kusema atarudi mwisho wa mwezi. Nilimhudumia mzee mmoja aliyelipia vipimo akabaki hana cha kununulia dawa. Aliondoka na karatasi ya majibu mkononi. Anajua anaumwa nini, na hatibiwi. Walikuwapo pia waliokwisha kupona, daktari ameshawaruhusu, lakini wamezuiwa wodini mpaka deni lilipwe. Kila siku ya kuzuiwa iliingizwa kwenye bili kama siku nyingine ya kitanda. Mama mmoja aliyejifungua kwa upasuaji alikaa hivyo na kichanga chake, huku wajawazito wengine wakilala wawili wawili. Bado inaniuma. Hospitali haikupata pesa yake, mama hakwenda kwake, na kitanda kilichohitajiwa hakikupatikana.

Kuna wanaosema kila mtu ajikatie bima kwa hiari yake. Ni neno linalosikika la haki, ila bima ya hiari ina kasoro yake: wanaokimbilia kujiunga ni wale wanaojijua wagonjwa, na wazima wanangoja. Mfuko unalemewa, ada inapanda, na wazima wachache waliokuwamo wanajitoa. Ndiyo maana sheria ya mwaka 1883 ya Bismarck, aliyekuwa kansela (mkuu wa serikali) kule Ujerumani, iliwalazimisha wafanyakazi wa viwandani kuchangia pamoja na waajiri wao. Japani nayo ilipofika mwaka 1961 ilikuwa imeutandaza mfumo wake nchi nzima, nao ulijengwa juu ya lazima.

Mwajiriwa ni rahisi, anakatwa kwenye mshahara. Mkulima je? Fundi, mchuuzi, dereva anayelipwa kwa siku? Hapa ndipo mipango mingi hukwama, kwa sababu kumfuata mtu mmoja mmoja kudai ada hula pesa nyingi na bado wengi hukosekana. Ghana, katika sheria yake ya mwaka 2003, iliweka tozo ya asilimia 2.5 kwenye bidhaa na huduma ili kuutunisha mfuko. Thailand mwaka 2002 iliamua kuwagharamia kwa kodi wote ambao hawakuwa kwenye mpango mwingine, na mgonjwa akalipa baht 30 tu (baht ni pesa ya huko) kila anapokwenda kutibiwa. Mimi naipenda zaidi njia ya kodi. Mtu anakuwa ameshachangia kabla hajaugua, na hakuna wa kumuuliza kadi yake iliisha lini.

Naambiwa hayo ni ya matajiri. Uingereza ilianzisha huduma yake tarehe 5 Julai 1948, vita vimeiacha na madeni na chakula bado kinatolewa kwa mgao. Thailand ilikuwa imetoka kwenye msukosuko wa fedha wa mwaka 1997. Sisemi ni rahisi. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza iliamua kuwatoza wagonjwa ada ya meno ya bandia na miwani, na Aneurin Bevan, aliyeuasisi mfumo ule akiwa waziri wa afya, akajiuzulu uwaziri kwa kulikataa hilo. Foleni za huko, na za Kanada, ni za kweli. Anayesubiri upasuaji wa nyonga kwa miezi anateseka. Hata hivyo naikubali foleni inayopangwa kwa uzito wa ugonjwa kuliko ile inayopangwa kwa uzito wa mfuko.

Kinachonitia hofu zaidi ni kadi isiyo na dawa. Serikali inatangaza matibabu bure, kisha pesa haifiki kwenye kituo kwa wakati. Stoo inakauka. Mgonjwa anaambiwa, "Dawa hakuna, kanunue nje," na glavu aje nazo mwenyewe. Huyo bado analipa, tena bila risiti. Mwaka 2001 huko Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, na nchi nyingi hazijaifikia.

Kwa hiyo nikiusikia muswada wa afya kwa wote, hotuba naziacha. Natafuta kifungu kinachosema hospitali italipwa ndani ya siku ngapi baada ya kuwasilisha madai, na nani ataadhibiwa siku hizo zikipita. Muswada usiotaja siku hizo siuungi mkono mpaka uzitaje.