Stelingi akifa, nani analipa?

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulifundishwa sheria moja kabla hata hatujajua kusoma vizuri: stelingi hafi. Anapigwa risasi ya bega, anatumbukia mtoni, adui anacheka, na banda zima limetulia tuli kwa sababu kila mtu anajua mkanda bado una saa nzima mbele. Atarudi.

Halafu ikaja gemu, na kwenye gemu stelingi anakufa kila baada ya dakika mbili. Anadondoka shimoni, anagusa kobe, anakufa kwa sababu shangazi amepita mbele ya tivi na sahani ya wali. Anarudi palepale, nguo safi, wala hakumbuki lolote. Tulilikubali hilo bila swali. Mimi swali lilinijia ukubwani, na sasa ndilo la kwanza kila nikishika gemu mpya: nikifa humu ninapoteza nini, na nani anafaidika?

Mwanzoni jibu lilikuwa rahisi, ni pesa. Space Invaders ya Tomohiro Nishikado ilitoka Japani mwaka 1978, kabati linalokula sarafu. Unatumbukiza sarafu, unapewa mizinga mitatu, ikilipuliwa yote basi, toa nyingine. Mwenye mashine anataka ufe mapema, ila si mapema mno ukasusa. Kwenye Pac-Man ya 1980 kulikuwa na swichi ndogo ndani ya kabati, na mwenye ukumbi ndiye aliyeamua kwa swichi hizo mchezaji apate maisha mangapi. Kifo ndicho kilikuwa mita.

Kinachonishangaza ni kwamba sarafu iliondoka, maisha matatu yakabaki. Super Mario Bros. ya 1985 unaichezea sebuleni kwako, kaseti umeshailipia, hakuna mtu anayesubiri chenji. Lakini bado unaanza na maisha matatu, na yakikwisha unarudishwa 1-1, mwanzo kabisa, kwa yule uyoga wa kwanza. Tabia ya ukumbini ilikuwa haijawatoka watengenezaji, nadhani, lakini kulikuwa na sababu nyingine pia: gemu nzima ilikuwa kilobaiti 40. Picha moja unayotumiwa WhatsApp asubuhi, ile ya maua na "habari za asubuhi", huenda ikawa nzito kuliko Mario yote. Ndani mna hatua 32, na anayezijua anazimaliza jioni moja. Ili kaseti ionekane ina thamani ya pesa yako, lazima ufe, urudi, ufe tena.

Kulikuwa na ujanja, kumbe. Maisha yakiisha, unashikilia kitufe cha A ukibonyeza Start, unaanzia mwanzo wa dunia (kundi la hatua) ileile uliyofia badala ya kurudi ya kwanza. Kwa mama mdogo, Tandika, hakuna aliyejua. Kitabu cha maelekezo kingetoka wapi, wakati mashine yenyewe ilikuwa ya kuiga na kaseti yake ya njano imeandikwa idadi ya gemu ambayo hata mtoto wa chekechea alijua ni uongo?

Tulichokuwa nacho ni sheria yetu wenyewe: ukifa, pedi kwa mwenzako. Sheria hii haikuandikwa na Wajapani lakini iliibadilisha gemu kuliko chochote walichoandika. Stelingi akidondoka shimoni, unayepoteza ni wewe uliyekaa kwenye mkeka, maana mbele yako kuna foleni ya mabinamu na umeme unaweza kukatika kabla zamu haijarudi. Kaka yetu mkubwa aligundua zile ngazi za mwisho wa hatua ya 3-1, ambapo kobe anashuka na ukimkanyaga vizuri kwenye kingo ya ngazi anadunda chini yako bila kukoma, pointi zinapanda, kisha maisha yanaanza kumiminika. Wenzetu wa kwingine waliuita ujuzi. Sisi tuliuita wizi. Mtu akikaa pale anakusanya maisha, maana yake pedi haitoki mkononi mwake mpaka adhuhuri. Mama mdogo aliingia kusuluhisha, akatoa hukumu kwamba kobe wa 3-1 ni marufuku ndani ya nyumba yake. Sidhani kama alijua kobe ni nani.

Contra, gemu ya bunduki, ilikuwa na dawa yake halali: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, na unapewa maisha 30. Msimbo huo aliuweka Kazuhisa Hashimoto wa Konami kwenye Gradius ya 1986, kwa sababu alikuwa akiijaribu gemu aliyoitengeneza na yeye mwenyewe ikamshinda. Napenda sana habari hiyo. Mpishi kaonja, kakunja uso, kajiwekea sukari pembeni, halafu kasahau kuiondoa mezani.

Enzi za vibanda vya PS2 mita ikarudi kwa mlango wa nyuma. Kibandani unalipia muda. GTA San Andreas ya 2004 haina maisha matatu. Ukiuawa maandishi yanakuja, unatokea nje ya hospitali, silaha zote umenyang'anywa na pesa kidogo imekatwa, kisha uendeshe gari mpaka kule misheni ilikoanzia. Ukiwa kwako hilo ni usumbufu tu. Kibandani zile dakika za kuendesha ni nauli ya shule ya kesho. Ndiyo maana nikisikia watu wakilalamika kwamba vijana wa uswahilini hatukucheza misheni, tulikuwa tunaandika chiti, misimbo ya kuidanganya gemu, na kupora magari, nacheka. Misheni ilikuwa ghali! Chiti za kurasa mbili kwenye daftari la Jiografia zilikuwa bima.

Na hakukuwa na kusevu. Memori kadi ilikuwa moja, ya mwenye kibanda, na kila mteja alisevu juu ya mwenzake. Kwa hiyo mwanzo wa ile hadithi tuliujua kama sala: mwaka ni 1992, CJ, stelingi wake, anarudi jiji la Los Santos kwa msiba wa mama yake, polisi wanamnyang'anya pesa na kumtupa mtaa wa maadui, anachukua baiskeli, anakwenda Grove Street, makaburini kaka yake Sweet anamnunia. Mazishi yaleyale, kila Jumamosi. Mwisho wake niliuona nikiwa mtu mzima mwenye kompyuta yangu, na nilishtuka kukuta kuna jangwa, kuna kasino, kuna shule ya urubani. Miaka yote ile nilidhani ni gemu ya msiba na baiskeli.

Sasa upande wa hadithi. Hapa gemu nyingi zinajichanganya zenyewe, na mfano mkubwa ni Final Fantasy VII ya 1997. Kwenye mapambano, mwenzako akianguka unampa Unyoya wa Feniksi, anainuka, mnaendelea. Unauzwa dukani. Kisha Sephiroth, adui mkuu, anashuka kutoka juu na kumchoma upanga Aerith, binti wa kundi lako, na ghafla duka zima halina unyoya. Watu walikaa miaka wakitafuta njia ya siri ya kumrudisha. Mimi sioni kosa pale, ila naelewa hasira: gemu imekuzoesha kwamba kifo ni bidhaa ya dukani, halafu siku moja inakataa pesa yako. Na hata kabla hujakaa kulia, pambano linaanza, na muziki wa Nobuo Uematsu haugeuki kuwa wa vita. Unapigana na zimwi huku wimbo wa marehemu ukiendelea kupigwa. Muda wote uliotumia kumkuza yule binti umekwenda naye.

Fire Emblem walikuwa wameshafanya ukatili huo tangu 1990, tena kwa kila mtu: askari wako akifa vitani, amekufa, hatua inayofuata utakwenda bila yeye. Unajua wachezaji walifanya nini? Walizima mashine na kuanza upya. Mwaka 2010 watengenezaji wakaweka namna ya kucheza ambayo walioanguka wanarudi baada ya pambano. Mimi nacheza ile ya zamani na nazima mashine vilevile. Sina maelezo.

Lakini ukiniuliza ni nani aliyekitumia kifo kwa akili kuliko wote, nitakupeleka kwenye kompyuta ya ofisini kwa baba, ile yenye skrini nzito, nikachungulie Prince of Persia.

Jordan Mechner aliitengeneza kwa ajili ya Apple II, ikatoka 1989. Miondoko ile laini aliipata kwa kumpiga video mdogo wake, David, akikimbia na kuruka, kisha akachora picha moja baada ya nyingine. Maisha hayahesabiwi. Kufa unavyotaka: miiba, panga, taya za chuma zinazokukata katikati. Unarudi mwanzo wa hatua. Kinachokatwa ni muda, maana una dakika 60 tu kumfikia binti wa mfalme, na saa haisimami kwa msiba wako.

Hatua ya 4 kuna kioo kimeziba njia. Unakirukia, unapita katikati, na upande wa pili anatoka kivuli chako, anakimbilia kule ulikotoka, huku nguvu zako zikibaki chembe moja. Hatua ya 5 anakuwahi na kunywa dawa uliyoifuata. Hatua ya 6 anakufungia lango mbele ya macho, unaporomoka. Hatua ya 12 mnakutana ana kwa ana na panga. Unamchoma, na wewe unapungua. Unamchoma tena, unapungua tena. Ukimuua, umekufa. Suluhisho ni kurudisha upanga alani, mkimbiliane, muwe mtu mmoja.

Adui ambaye ni wewe mwenyewe tumemwona baadaye kwenye gemu chungu nzima. Zelda ya pili, ya 1987, ilikuwa naye tayari, kivuli cha stelingi wake Link anayekusubiri mwisho kabisa, ila yule unampiga mpaka afe na hakuna la zaidi. Cha Mechner kinaingia ndani ya kanuni za mchezo: kitufe kilichokuokoa kwa hatua kumi na moja ndicho kinachokuua. Na alifika hapo kwa umaskini. Kumbukumbu ya Apple II ilikuwa imejaa, hakuna nafasi ya kuchora adui mpya mwenye umbo lake, akachukua picha zilezile za stelingi, akazichakachua kwa hesabu kidogo, kikatoka kivuli. Angekuwa na mashine kubwa huenda tungepewa jitu la kawaida lenye shoka.

Wa karibuni nawapitia haraka. Undertale ya Toby Fox, 2015, inakushika ukirudisha muda: wengi wanamuua Toriel, mama aliyewapokea mwanzoni, kwa bahati mbaya, wanafungua walipokuwa wamesevu, safari hii wanamwacha hai, kisha ua moja linalotabasamu linakwambia limeona ulichofanya mwanzo. Nilizima kompyuta usiku ule. Dark Souls ya 2011 inaacha jasho lako lote pale ulipofia. Ukifika salama unaliokota, ukifa njiani limepotea. Bei hiyo naiona ya haki, maana wanakupa nafasi ya kulipa deni. Hades, 2020, kijana anatoroka nyumbani kwa baba yake, kuzimu, akiuawa anaibukia nyumbani kwenye bwawa la damu, na baba yupo mezani na kejeli mpya. Bila kufa hadithi haisogei. Ndiyo gemu pekee ambayo nimewahi kufa nikiwa na hamu ya kusikia nitaambiwa nini.

Na wakati sisi tunasifia hayo, sarafu imerudi. Candy Crush Saga ya 2012 inakupa mioyo mitano. Ukishindwa unapoteza mmoja, na mmoja unarudi baada ya dakika 30. Huna subira? Nunua, au omba marafiki. Mama yangu, ambaye miaka yote aliniuliza gemu zitanilisha lini, amewahi kunipigia simu nikiwa kazini kuniambia nifungue Facebook nimtumie maisha. Nilituma. Ni swichi ileile ya kabati la 1980, sasa iko mfukoni mwa kila mtu, na mwenye ukumbi yuko mbali zaidi.

Mpwa wangu anacheza Minecraft. Ukifa mle, vitu vyako vinamwagika pale ulipofia; ukiwa maeneo hayo, dakika 5 zikipita bila kuviokota vinatoweka, na vikidondokea kwenye lava hata dakika hupewi. Juzi alipoteza almasi zake hivyohivyo, akaja na simu ameikunjia uso. "Anko, kuna sehemu ya kuwasha, ukifa unabaki na vitu vyako. Nikiwasha nitakuwa nimeiba?"

Nikamwambia aiwashe akicheza na mdogo wake, aizime akicheza peke yake. Ilionekana hukumu nzuri, ya busara za mama mdogo kabisa. Mdogo wake, ambaye hajaanza hata darasa la kwanza, amegoma. Anasema kama kaka anapoteza almasi, na yeye anataka kupoteza almasi.