Nilivyopata katriji inayoelewana na amplifaya yangu ya vali

Katriji, kile kijipande chenye sindano kinachosoma santuri, ya kwanza niliyoinunulia amplifaya yangu ya vali (zile taa za kioo za zamani zinazokuza sauti) ilikaa kwenye mkono wa mashine ya santuri siku nne tu. Ilikuwa ya koili inayocheza, ile aina ambayo koili ndogo hutikisika mbele ya sumaku, na kila niliyemsoma aliisifu. Nikashusha sindano, nikafungua sauti. Nilichokisikia kwanza ni mvumo wa umeme, na juu yake mchirizo kama mafuta yanayokaangwa chumba cha pili. Muziki ulikuwa umejificha huko chini. Nikazungusha kitufe cha sauti hadi karibu na mwisho. Muziki ukapanda, na mvumo ukapanda nao.

Nikadhani vali zimekufa. Nikampigia fundi mmoja mzee wa redio, nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka nikachoka, kisha akauliza, "Mwanangu, hiyo katriji inatoa milivolti ngapi?"

Sikujua. Nilijua umbo la almasi ya sindano yake na aina ya waya wa koili zake, ila namba hiyo moja sikuwa nayo. Nikarudi kwenye karatasi iliyokuja na kisanduku: 0.3.

"Basi vali zako ni nzima," akasema.

Hesabu aliyonifanyia ni nyepesi. Mlango wa fono wa amplifaya yangu, yaani ule wa kuchomekea mashine ya santuri, unakuza kwa desibeli 40, yaani mara 100. Milivolti 0.3 zikikuzwa mara 100 zinakuwa 30, na hatua inayofuata inataka milivolti mia kadhaa. Katriji ya sumaku inayocheza, ambayo sumaku ndiyo hutikisika badala ya koili, hutoa kati ya milivolti 3 na 5 hivi. Chukua 4, unapata 400, na kazi imekwisha. Na huo mvumo? Sehemu ya fono haikuzi tu. Santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba ikiwa imepandishwa, kwa kanuni ya RIAA inayotumika tangu miaka ya 1950, kwa hiyo wakati wa kucheza amplifaya hufanya kinyume chake. Umeme wa ukutani wa hezi 50 unaangukia palepale kwenye besi, na hapo unapandishwa desibeli 17 kupita sauti za katikati. Katriji dhaifu inakulazimisha ufungue sauti, nawe unaufungulia mvumo mlango mzima.

Kuna njia ya kuiokoa katriji kama ile: transfoma ya kupandisha. Nikaazima moja ya 1 kwa 10. Inaongeza desibeli 20 bila vali wala umeme wa ziada, na ule mlango wa fono, ambao ukinzani wake ni kilo-omu 47, unaonekana kwa katriji kama omu 470, kwa sababu uwiano huzidishwa kwa wenyewe: 47,000 gawanya kwa 100. Mchirizo ukaisha. Lakini niliiweka juu ya rafu moja na amplifaya, na transfoma kubwa ya umeme iliyomo ndani ikaimba ndani ya ile ndogo. Nilipoisogeza kama mita moja na kuigeuza pembeni, ikanyamaza karibu kabisa. Sauti ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Ila rafu yangu haina mita moja ya kuchezea, na kitu cha kuazima hurudishwa.

Nikachukua Audio-Technica VM95E, ya sumaku inayocheza. Milivolti 4.0, mzigo wa kilo-omu 47, uzito wa sindano gramu 2.0. Mvumo ukabaki kidogo sana, na huo uliondoka nilipokaza waya wa ethi wa mashine ya santuri, ambao kumbe ulikuwa umelegea muda wote. (Anza na huo waya. Mimi nilianza na pochi.)

Nikafurahi wiki moja. Kisha nikaanza kuchoshwa na matoazi. Yalikuwa makali, na herufi "s" za waimbaji zilitoboa. Hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho watu wa vali hawakisemi vya kutosha: katriji ya sumaku inajali pia kapasitansi, yaani uwezo wa waya na vifaa kushika chaji, unaopimwa kwa pikofaradi. Hii yangu inataka jumla ya pikofaradi 100 hadi 200. Ikizidi, koili yake na kapasitansi hiyo hujenga kilima kwenye sauti nyembamba.

Nikahesabu nilichoipa katriji. Waya wa mita moja na nusu, pikofaradi 100 hivi kwa mita: 150. Kapasita ndogo (kifaa cha kushika chaji) iliyochomelewa mlangoni mwa amplifaya: 100. Kisha vali yenyewe. ECC83, ambayo wengine huiita 12AX7, ina chini ya pikofaradi 2 kati ya gridi na anodi, sehemu mbili za ndani yake, lakini kwa kuwa inakuza kama mara 60, kwa katriji pikofaradi hizo huonekana kama 100. Jumla 350. Hakuna karatasi ya katriji itakayokuambia habari ya vali yako.

Nikaweka waya wa sentimita 60. Kapasita akaiondoa fundi, mimi sikugusa. Ndani ya amplifaya ya vali kuna volti 250 na zaidi, na kapasita za umeme zinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuzima na kuchomoa plagi. Tukashuka hadi 160 hivi. Matoazi yakatulia, na sikugusa kitu kingine.

Jambo la mwisho lilikuwa vali ya kwanza ya fono. Nilipoigonga taratibu kwa penseli, spika zililia ting'! kama glasi. Nikaibadilisha nafasi na nyingine ya aina ileile iliyokuwa hatua za mbele, ambako ishara ni kubwa na kelele kama hiyo haisikiki.

Ile katriji ya 0.3 ingali kwenye kisanduku chake. Nikipata transfoma yenye ganda zito la chuma nitaijaribu tena, ila safari hii nitapima rafu kwanza.