Meno 28 kwa mlima wa Lushoto

Nimepunguza sproketi ya mbele ya baiskeli yangu, lile duara la meno linalovuta cheni, kutoka meno 32 hadi 28. Wenzangu waliniuliza kwa nini najinyima spidi. Mimi napenda kupanda milima, na ninapopanda nakaa kitini, sisimami kwenye pedeli. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni kona juu ya kona, na ukishaingia njia za msitu wa Magamba, udongo mwekundu ukilowa tairi inateleza ukikanyaga kwa pupa. Pale unahitaji mguu mwepesi.

Nyuma nimebaki na kaseti ile ile, yaani seti ya sproketi za gurudumu la nyuma, ya meno 11 hadi 42. Sasa kwenye gia nyepesi kabisa, nikizungusha pedeli mara 3 gurudumu linazunguka mara 2 tu. Magoti yangu yameshukuru!

Sproketi mpya ina jino nene na jino jembamba kwa kupokezana, hivyo cheni haichomoki hata kwenye mawe. Fundi alitoa pingili mbili za cheni ili isilegee. Kwenye tambarare ya Mombo miguu inazunguka bure, ni kweli, lakini tambarare sikuifuata mimi.