Kangomba haiishi kwa kukamata watu

Kila msimu wa korosho ukikaribia huku kwetu Mtwara utasikia viongozi wanasema kangomba, yaani wale wanaonunua korosho za mkulima kienyeji nje ya mnada, wakamatwe, wanyang'anywe mzigo, na mimi sipingi maana ule ni unyonyaji kabisa, ila jamani mbona hatuulizi kwanini mkulima anamfuata kangomba mwenyewe tena usiku usiku?

Kwa msiojua, korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani tangu 2007. Unapeleka AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unapimiwa kwa mzani, mzigo unaenda ghala kuu halafu mnadani, hela inaingia baadae, na minada yenyewe ni mpaka Oktoba. Sasa Februari mvua inanyesha, chakula cha ndani kimeisha, mahindi shambani bado mabichi, mtoto anadaiwa sare, hela inatoka wapi? Hapo ndo kangomba anakuja na keshi mkononi, unachukua leo utalipa kwa korosho ambazo mti haujatoa hata maua.

Msimu uliopita nilimkuta jirani yangu, mama mtu mzima, anapimiwa uani kwake. Mzani hakuna, ni bakuli la plastiki, na halihesabiwi limejaa mpaka korosho zianze kumwagika pembeni, halafu zile zilizomwagika nazo zinazolewa zinaingia kwenye gunia la yule kijana. Mama kanyamaza anahesabu kwa vidole. Nikamuuliza mama si ungesubiri mnada, akasema mwanangu hili deni la Machi, nilimpeleka mjukuu hospitali.

2018 wakulima waligomea bei za mnadani, Rais Magufuli akatangaza serikali inanunua kwa 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kubeba, ukafanyika na uhakiki ili kangomba wasilipwe. Sawa. Lakini mkulima aliyekuwa ameshauza kwa bakuli ile 3,300 ilimhusu nini?

Salfa ya ruzuku imesaidia sana, watu walikuwa wanaingia madeni ili tu wapulizie mikorosho isipate ugonjwa wa ubwiliunga. Basi na mkopo wa masika uwepo, AMCOS inatujua kwa majina na mashamba yetu inayajua, na makato mnadani tunakatwa kila mwaka, ikate na huo, hata kama ni laki moja tu kwa kaya. Mkutano mkuu wa chama chetu ukiitishwa nitasimama niliseme hili, na nyie wa Tandahimba, Newala na Masasi lisemeni huko kwenu.