Fidia ya Wengi (Marko 10:45)

Wapendwa, neno "fidia" siku hizi tunalisikia zaidi kwa watu wa bima na mahakamani: umeumizwa, unalipwa. Ukiingia nalo hivyo kwenye Marko 10:45, ambapo Yesu anasema Mwana wa Adamu alikuja "kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi", utabaki unajiuliza ni nani aliyeumizwa. Kigiriki hapo ni lutron, na maana yake iko karibu zaidi na kukomboa kitu kilichowekwa rehani.

Limetoka kwenye luo, kufungua, kitenzi kilekile cha Yohana Mbatizaji asiyestahili kulegeza gidamu ya viatu. Kiishio -tron hutaja chombo cha kazi: aroo ni kulima, arotron ni plau. Basi lutron ni cha kufungulia, bei inayomtoa mtu kifungoni.

Wayahudi waliosoma Torati kwa Kigiriki walilikuta neno hili, mara nyingi kwa wingi, lutra, tena likiwa na hesabu kamili. Katika Hesabu 3 wazaliwa wa kwanza wa kiume ni 22,273, na Walawi wa kushika nafasi zao 22,000. Wamezidi 273. Lutra za kila kichwa kilichozidi ni shekeli 5, jumla 1,365, wakapewa Haruni na wanawe. Hakuna kichwa kilichoachwa bila bei. Tena Kutoka 21:30: ng'ombe mkali ameua mtu, mwenyewe alikwisha kuonywa, amestahili kufa, lakini aweza kutozwa lutra za uhai wake. Mwuaji wa kukusudia hana mlango huo. Hesabu 35:31 inakataza kupokea lutra kwa ajili yake, hata awe tajiri wa namna gani.

Yesu anataja bei: psukhe yake, yaani uhai. "Ya wengi" ni anti pollon, na anti hiyo ndiyo ya "jicho kwa jicho": badala ya. Biblia ya Union imeuficha huo ubadala, kwa bahati mbaya. Kwenye 1 Timotheo 2:6 Paulo ameviunganisha viwili, antilutron, lakini Union inasema "ukombozi", hivyo msomaji haoni undugu wake na "fidia". Andika pembeni kwa penseli.

Je, alilipwa nani? Origene, mwalimu wa kanisa wa karne ya tatu, alijibu: yule mwovu. Gregori wa Nazianzo, askofu wa karne ya nne, akakataa katakata kwamba mnyang'anyi alipwe. Marko hamtaji mpokeaji. Anachotuonyesha ni Yakobo na Yohana wakiomba viti vya kuume na kushoto, na wale kumi wamekasirika. Lutron lilitamkwa katikati ya ugomvi wa viti.